Viporo chini ya kitanda: nilivyosokota kila kitu isipokuwa kilichotakiwa

Chini ya kitanda changu geto, huku Rau, kuna salfeti la kilo hamsini ambalo halina mahindi. Ndani yake kuna kofia isiyo na utosi, soksi moja ambayo mwenzake hajaanza, shali ya bibi iliyofika katikati, na sweta la mtoto wa dada yangu nililolianza dada akiwa na mimba ya miezi sita. Mtoto sasa anakimbiza kuku. Kuna pia mgongo wa sweta la jamaa niliyekaa naye hosteli mwaka wa kwanza na ambaye sasa tunachangia hili geto. Alinipa advansi siku bumu lilipoingia, na mpaka leo hajanidai hata mara moja, jambo linaloniuma kuliko angenidai. Halafu kuna vitu viwili ambavyo sikumbuki vilitaka kuwa nini.

Ugali uliolala tunauita kiporo. Mechi ya ligi iliyoahirishwa, kiporo. Basi hivyo navyo ni viporo, saba kwa hesabu, na mtu mwenye akili timamu angekaa chini amalize kimoja kimoja. Mimi nikaanza kusokota uzi.

Nijieleze kidogo. Kufuma nilifundishwa na bibi Kibosho wakati nasubiri matokeo ya form four, mwezi wa kwanza, sina kazi zaidi ya kukata majani ya ng'ombe. Ndiyo, mimi ni mwanaume na ninafuma. Maswali yote kuhusu hilo nilishayajibu kwenye kimbweta mwaka wa kwanza na sina jipya la kuongeza. Tatizo la kufuma ukiwa mwanafunzi ni uzi. Unanunua mpira mmoja, unaishia katikati ya kifua, unarudi dukani, rangi ile haipo. Ipo inayofanana, lakini ukiifuma inaonekana kama kiraka. Bumu halijatoka. Kiporo kinazaliwa.

Siku moja nikajiuliza swali ambalo lilionekana la kishujaa sana saa sita usiku: nchi hii inalima pamba, inalima mkonge, kihamba chetu kimejaa migomba mpaka mtu hawezi kuona jirani, sasa kwa nini mimi nakaa kusubiri mpira wa uzi wa akriliki kutoka ng'ambo? Si nisokote mwenyewe? Makala hii ni jibu la swali hilo, pamoja na habari ya vidole vya mdogo wangu, ambavyo ndivyo vilivyolipa ada ya masomo yangu.

Tuanze na jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulijaribu sasa hivi. Chukua kipande cha pamba ile ya duka la dawa, kivute taratibu kwa vidole viwili kila upande. Kinaachia, kinakatika, hakina nguvu yoyote. Sasa chukua kingine, kivute huku unakisokota upande mmoja. Ghafla hakikatiki tena; ukivuta kwa nguvu kinakukata kidole. Hukuongeza gundi, hukuongeza kitu. Ulichoongeza ni msokoto. Zile nyuzinyuzi zilikuwa zimelala karibu karibu bila kushikana, na msokoto umezibana, kila moja inamsugua mwenzake, na kadiri unavyovuta ndivyo zinavyobanana zaidi. Uzi wote unaosokotwa kwa nyuzinyuzi fupi kama hizi unasimama juu ya msuguano huo tu.

Kutokana na hapo unaweza kukisia mengine. Nyuzinyuzi fupi zina nafasi ndogo ya kushikana, kwa hiyo zinahitaji msokoto mwingi. Ndefu zinaridhika na msokoto kidogo. Zenye uso wa kukwaruza zinashikana vizuri, zilizo laini kama kioo zinateleza. Na uzi mmoja uliosokotwa peke yake una hasira: ukiuachia unajikunja kama nyoka, na ukiufuma kitambaa kinapinda upande mmoja. Dawa yake ni kuchukua nyuzi mbili zilizosokotwa upande uleule, kisha kuziunganisha kwa kuzisokota pamoja upande wa kinyume. Msokoto wa kwanza unataka kufunguka kushoto, wa pili kulia, wanashindana, wanatulia. Angalia kamba iliyosokotwa dukani utaona ilivyofanywa hivyo.

Chombo cha kusokotea nilikitengeneza kwa kijiti cha mbao na CD ya zamani ya bongo fleva. Kijiti kinapita kwenye tundu la CD, nyuzinyuzi unazifunga juu, unakizungusha, kinaning'inia na kuzunguka hewani huku wewe unaachia nyuzinyuzi kidogo kidogo. Mimi nakiita pia, kwa sababu kinazunguka kama pia ya watoto. Roommate anakiita helikopta. Usidhani ni uvumbuzi. Kilwa Kisiwani, na Shanga kule upande wa Lamu, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, kazi yake ikiwa hiyohiyo ya CD yangu: kukipa kijiti uzito kizunguke muda mrefu. Watu wa pwani walivunja chungu, wakaona gurudumu. Upande wa Rukwa nako Wafipa walilima pamba, wakaisokota na kuifuma wenyewe, na waliendelea hata baada ya merikani, ile nguo ya viwanda vya Marekani iliyoingia kwa wingi karne ya 19, kujaa kwenye njia za biashara. Yaani tunapozungumzia kusokota kama kitu cha kigeni tunajisahaulisha wenyewe.

Nilianza na pamba. Mshikaji wangu wa Bariadi alirudi likizo na mfuko wa pamba mbegu, imetoka shambani vilevile. Pamba mbegu ni somo la unyenyekevu. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni mbegu, na kila mbegu imeshikilia nywele zake kama mtoto aliyeshika gauni la mama yake sokoni. Viwandani kuna mashine za kuchambua. Geto nilikuwa na ubao wa kukatia nyanya na kipande cha chuma laini chembamba, ambacho unakiviringisha juu ya pamba kwa kukandamiza mpaka mbegu inaruka mbele. Jioni nzima, nikapata pamba safi ya kujaza kikombe kimoja.

Nywele za pamba ni fupi, sentimita mbili na nusu hadi tatu hivi. Lakini zina siri moja: zinapokauka kwenye tumba zinabonyea na kujipinda kama utepe uliosokotwa, kwa hiyo zinakamatana zenyewe. Shida ni kwamba ile helikopta ikining'inia inakuwa nzito kwa nyuzi fupi namna hiyo, uzi unakatika, CD inaanguka sakafuni, jirani anagonga ukuta. Wahindi walishalitatua hili zamani: pia ya pamba inakuwa ndogo na inazungukia ndani ya kibakuli, haining'inii. Nikachukua kibakuli cha supu, nikakata CD ikawa ndogo, na kuanzia hapo mambo yakaenda. Polepole, lakini yakaenda. Wiki tano za jioni baada ya vipindi, pamoja na kipindi kimoja cha takwimu ambacho sikupaswa kukitumia hivyo, nikawa na mpira wa uzi wa pamba uliosokotwa kwa mkono. Mweupe wa maziwa, una vijinundu, mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza.

Nikafuma glavu. Sasa tusimame hapa.

Mdogo wangu ni mpagazi mlimani. Wale wanaobeba mizigo ya wageni, wagumu kama wanavyojiita wenyewe, kilo ishirini kwa sheria, juu ya vitu vyao binafsi. Wageni wanapanda na glavu za bei ya kompyuta mpakato; wapagazi wengi wanavaa wanachopata. Nikampa glavu za pamba. Nilimpa kwa majivuno, tena mbele ya bibi. Alipanda njia ya Machame masika yalipoanza, siku ya kwanza msituni mvua ikawapiga tangu getini. Glavu zikalowa. Zikabaki zimelowa siku ya pili, ya tatu, ya nne, kwa sababu huko juu kwenye baridi na ukungu pamba haikauki. Walipofika kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, usiku glavu ziliganda zikawa kama mkate wa juzi. Alivaa soksi mikononi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa na ganzi kwa siku kadhaa baada ya kushuka, hawezi kufunga kifungo cha shati.

Hakunilaumu. Alizikausha, akazikunja, akaziweka mezani. "Kaka, hizi nzuri sana," akasema. "Zinafaa kuvaa kanisani."

Nilisoma baadaye kile ambacho ningesoma kabla. Nguo haileti joto. Joto unalo wewe, nguo kazi yake ni kushikilia hewa iliyotulia karibu na ngozi ili joto lisiondoke. Maji yanasafirisha joto takribani mara 25 kuliko hewa. Pamba inakunywa maji, nyuzi zake zinalala, nafasi za hewa zinajaa maji, na hapo umejivalisha bomba la kutolea joto nje. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, inafanya tofauti. Kila unywele umejikunja kama springi, kwa hiyo hata ukilowa haulali wote, hewa inabaki. Uso wake unakataa matone, lakini ndani unaweza kubeba unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake bila wewe kuhisi umelowa. Hata akriliki ya dukani, ile niliyoidharau usiku wa ushujaa wangu, ingemfaa dogo kuliko pamba yangu, kwa sababu hainywi maji kihivyo. Hili nalisema kwa uchungu.

Kwa hiyo lengo likabadilika. Sikutaka tena uzi wa fahari. Nilitaka glavu za mpagazi, na viporo saba vikapata kaka yao wa nane.

Mtu angeenda moja kwa moja kwenye sufu. Mimi nilizunguka kwanza, kwa sababu ya jina. Nilimwuliza shangazi yangu wa Tanga kama anaweza kunipatia sufu, akasema iko tele, akanitumia mto mzima kwa basi. Kumbe ni sufi. Sufi ni ya mti, msufi, ule mrefu wenye miiba shinani na maganda yanayopasuka yakitoa kitu kama pamba. Herufi moja tu, na umehama kutoka kwa kondoo hadi kwenye mti.

Bado nikajaribu kuisokota, maana nauli ya mto ilishalipwa. Haishikiki. Ukiitazama kwa lenzi ya maabara (asante kwa rafiki wa sayansi) unaelewa: unywele wa sufi ni kama mrija, ukuta mwembamba sana, ndani hewa tupu, nje umepakwa kitu kama nta. Hauna yale mapindo ya pamba. Unausokota, unateleza, unafunguka, unaruka. Ndiyo maana sufi inaelea vizuri mpaka zamani ilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini, na ndiyo maana ni nzuri kwenye mto na mbaya kwenye pia. Ukiichanganya na pamba nyingi inakubali kidogo. Chumba kilijaa manyoya meupe wiki nzima, roommate akapiga chafya mpaka kwenye UE. Deni langu kwake likaongezeka.

Katani niliipata kirahisi zaidi kuliko nilivyotarajia: kwenye duka la vifaa vya jipsamu, kwa sababu mafundi wa dari huichanganya kwenye plasta isipasuke. Unauziwa fungu zima limefungwa kama mkia wa farasi. Mkonge si mti wetu wa asili. Ulitoka Amerika, ukaletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyopona safari ilikuwa michache tu, sitini na kitu. Mashamba yote ya Tanga na yale unayoyaona kwenye njia ya kwenda Same yana ukoo na hadithi hiyo.

Kwa kusokota katani hakuna haja ya pia kabisa. Wanawake wa Kikamba na Kikikuyu wanaotengeneza vyondo husokota kwenye paja, na nikikuambia nilikaa wiki nzima najifunza tendo moja, amini. Unashika mafungu mawili membamba sambamba juu ya paja. Kwa kiganja unayaviringisha kuelekea gotini, kila moja linajisokota peke yake. Bila kuachia, unarudisha kiganja, na sasa yote mawili yanasokotana pamoja upande wa kinyume. Misokoto miwili inayoshindana, niliyoieleza pale juu, inapatikana kwa kwenda na kurudi mara moja kwa mkono. Nyuzi za katani zina urefu unaokaribia mita, kwa hiyo msokoto kidogo tu unatosha. Ukiona mama mmoja akitembea barabarani huku anasokota na kuongea, ujue unatazama ufundi ambao mwanafunzi wa chuo kikuu hajauweza akiwa amekaa. (Kwa wenye vinyweleo kwenye mapaja: vaeni suruali.)

Uzi wa katani ni imara kupita maelezo, na haufai kuvaliwa na kiumbe. Niliufuma dodoki la kuogea, nikampa roommate kama riba ya deni. Alilitumia mara moja.

Nikabaki na mgomba, na hapa ndipo nilipokutana na upinzani wa kweli.

Shina la mgomba si shina. Ni mabua ya majani yaliyovikana, moja ndani ya jingine. Ya nje yana nyuzi ngumu, kadiri unavyoingia ndani ndivyo zinavyokuwa laini. Unakata kipande, unakichana mikanda, unalaza mkanda kwenye ubao na kuukwangua kwa kisu butu: maji na nyama vinatoka, zinabaki nyuzi ndefu zinazong'aa kama hariri. Vaa nguo ambayo huipendi. Utomvu wa mgomba ukikauka kwenye shati, hilo shati limebadilishwa rangi milele.

Nilikuwa nyuma ya nyumba na mgomba wa mshare uliokwisha kukatwa mkungu. Bibi akasimama.

"Mjukuu wangu, unafanyia nini chakula cha ng'ombe?"

Sikuwa nimefikiria. Huku mlimani ng'ombe anakaa zizini, hatoki kuchunga, maana malisho hakuna. Kihamba chote ni migomba, kahawa, mboga na nyumba. Mgomba ukishatoa mkungu, shina linakatwakatwa analishwa ng'ombe, ng'ombe anatoa maziwa na mbolea, mbolea inarudi kwenye migomba. Nilichoona mimi kama taka ni kiungo cha mnyororo. Ile hesabu yangu ya usiku, kwamba migomba imejaa tu inanisubiri, haikuwa na ng'ombe ndani yake. Tukakubaliana: nachukua mabua mawili ya nje, na makapi yote ninayokwangua yanarudi zizini siku hiyohiyo. Mgomba mmoja ukanipa nyuzi za kujaa kiganja.

Nazo hazifumiki. Naomba mnielewe, zinapendeza sana. Kule Okinawa, Japani, kuna nguo ya asili inayotengenezwa kwa nyuzi za mgomba, inaitwa bashofu, na kijiji cha Kijoka kinajulikana kwa kazi hiyo. Lakini wao hawazisokoti toka vipande vifupi kama pamba. Wanachana nyuzi ndefu na kuziunga kwa vifundo vidogo, kisha wanafuma kwa kitanda cha mfumi, uzi umenyooka. Kufuma kwa sindano mbili ni jambo jingine. Kitanzi kinataka uzi unaokubali kupinda na kurudi. Sufu inanyumbuka, inasamehe. Mgomba, kama katani, ukiupinda unabaki umepinda au unavunjika, na mkono wa sweta unakuwa bomba la maji.

Nikarudi basi kwa kondoo, na kondoo wetu wa huku hawana sufu. Wana mkia mnene na nywele fupi kama za mbuzi. Huwezi kuwanyoa ukapata cha kusokota. Kondoo wa sufu wapo nyanda za juu za Kenya, na Nanyuki kuna akina mama waliojiunga tangu miaka ya 1970 kusokota na kufuma sufu yao. Nauli ya Nanyuki sina.

Jibu lilikuwa Memorial muda wote. Na Kiboriloni. Moshi ni mji ambao wazungu wanauendea ili kuhisi baridi, kwa hiyo mitumba ya baridi ipo ya kutosha, na ndani ya marundo hayo kuna sweta za sufu halisi ambazo hakuna anayezitaka kwa sababu zina tundu kwenye kiwiko, au mtindo wake ulikufa zamani. Sweta ni uzi uliopumzika. Kiswahili kimeshakupa maelekezo: uliyefuma, unafumua.

Tena hili nalo si jipya. Mreno Duarte Barbosa, akiandika kwenye mwaka 1518 hivi kuhusu Sofala, alieleza kwamba watu wa pale walilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini kwa kuwa hawakuwa na rangi walichukua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, wakazifumua, wakachanganya uzi wake na wao mweupe wakafuma upya. Miaka mia tano iliyopita watu walinunua nguo ya ng'ambo kwa ajili ya uzi wake. Nilipolisoma hilo nilijisikia vizuri sana nikiwa nimechuchumaa kwenye rundo la sweta za mia tano mia tano.

Sasa namna ya kuchagua, maana nilipoteza sweta mbili kabla ya kujua. Kwanza geuza ndani nje, tazama mishono ya ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa nyuzi za ovaloki, liache: lilikatwa kutoka kitambaa kikubwa, ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi, kila mstari na kipande chake. Unayoitaka ni ile ambayo kingo zake zimefumwa zenyewe na kuunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo. Pili, kama sweta limesinyaa na kuwa zito kama blanketi la jela, limechemshwa na mtu asiyejua. Magamba madogo ya sufu yamekamatana, hayaachii tena. Tatu, lebo ikiwa imetoka, omba kauzi kamoja, kachome na kiberiti ukiwa nje ya banda. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba inanuka karatasi.

Nyumbani unafungua mishono, unaanza kufumua kutoka juu, mahali mfumaji alipomalizia, na uzi unauzungushia mgongo wa kiti. Utatoka umejikunja kama tambi za pakiti. Ufunge sehemu nne, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu bila kuusugua, uutundike na chupa ya maji kwa chini kama uzito. Kesho yake umenyooka. Ukiwa mwembamba, hapo ndipo helikopta inapata kazi yake ya halali: unaunganisha nyuzi mbili au tatu kwa msokoto wa kinyume na ule ulionao, unapata uzi mnene wa glavu.

Hivyo viporo je? Nimegundua kwamba kusokota ndiko kulikovizidisha, na si kwa sababu ya uvivu peke yake. Uzi wa kwanza wa mtu anayejifunza ni mnene kama kamba ya mbuzi, wa wiki ya tatu ni mwembamba. Ukianza kufuma kabla hujamaliza kusokota, kitanzi cha mwanzo si sawa na cha mwisho, na kofia iliyoanza ya mtu mzima inaishia ya mdoli. Vile vitu viwili visivyojulikana vilikufa kwa ugonjwa huo. Siku hizi nasokota uzi wote kwanza, na nimefunga kipande cha uzi wa mfano kwenye kadi ninayolinganishia kila siku. Kabla ya kuanza nafuma kipande cha mraba, nahesabu vitanzi kwenye sentimita kumi. Ni jioni moja inayochosha, lakini glavu yenye kosa la kitanzi kimoja kwa kila sentimita haiingii mkononi.

Kila kiporo nimekifungia karatasi: namba ya sindano, idadi ya vitanzi, nilipoishia, cha nani. Kitu cha ajabu, vingi vilikuwa vimekwama si kwa sababu ya ugumu bali kwa sababu sikukumbuka nilitumia sindano gani. Vile viwili visivyo na jina nimevifumua. Shali, bibi aliichukua mwenyewe siku ile ya mgomba, akaitazama, akaguna, akaimaliza kwa jioni mbili. Sweta la mtoto limepata bahati: dada ana mimba tena. La roommate nimefika kwapani, na nimemwahidi kabla ya sapu za mwezi wa tisa, bila kusema za nani.

Dogo anapanda tena Alhamisi. Glavu ya kulia imekwisha, ya sufu ya kijani iliyokuwa sweta la mtu huko Ulaya. Alikuja jana kuijaribu, akaiingiza kwenye ndoo ya maji bila kuniuliza, akaikamua, akaivaa, akakaa nayo barazani nusu saa huku tunaongea mambo mengine. Ya kushoto imebaki dole gumba.